Joto Sawa kwa Kila Dawa Inayojaribiwa

Mzazi anayepasha maziwa ya mwanawe katika oveni ya mikrowevu huonywa kwamba chupa yaweza kuwa vuguvugu mkononi, ilhali ndani mna mahali pa kumuunguza mtoto ulimi. Kasoro hiyohiyo imewasumbua wanakemia wanaotafuta dawa mpya.

Mwaka 1986, makundi mawili ya watafiti, moja la Kanada na jingine la Marekani, yalichapisha habari kwamba oveni za jikoni ziliharakisha mno mimenyuko ya kikemia. Mawimbi hayo, aghalabu ya gigahezi 2.45, hayana nguvu ya kuvunja vifungo vya molekuli, wala hayaachi mnururisho ndani ya dawa. Huzitikisa tu molekuli zenye upande chanya na upande hasi, kama za maji na ethanoli, hata zikapata joto. Katika chombo kilichofungwa, kiyeyushi hupita kiwango chake cha kuchemka, na kazi ya saa nyingi humalizika kwa dakika chache. Heksani, isiyo na pande hizo, haipati moto ila kidogo.

Mtafiti wa dawa hatengenezi kampaundi moja. Hutengeneza makumi kwa mpigo, kila moja katika kishimo chake, pengine vishimo 96 katika sahani moja, kisha huzijaribu dhidi ya vimelea au seli za saratani. Huo ndio usanisi sambamba, na hapo ndipo penye hatari. Mawimbi yanayorudishwa na kuta za oveni huongezana nguvu mahali pamoja na kufutana pengine; kishimo kimoja huchemka, jirani yake kikabaki nyuma. Kampaundi iliyokosa joto huandikwa kuwa imeshindikana, na huenda ndiyo iliyokuwa dawa.

Suluhisho mojawapo ni sahani ya silikoni kabaidi, kauri ifyonzayo mawimbi na kusambaza joto upesi, hata vishimo vyote vikalingana, kiyeyushi kiwe chochote. Wapo wanaonung'unika kwamba hapo mikrowevu imegeuzwa jiko tu. Ni kweli, wala sioni hasara yake.

Oveni za maabara zina vipimo vya joto na shinikizo, na kuta za kuhimili mlipuko. Ya jikoni haina. Wodini nako, isitumiwe kupasha damu ya kuongezewa mgonjwa: palipozidi joto, chembe nyekundu hupasuka.