Kipi Katika Mtaguso Kinachofunga Imani?

Mwaka 1519, katika mdahalo wa Leipzig, Johann Eck alimbana Martin Luther kwa hoja mpaka Luther akatamka wazi kwamba hata mtaguso mkuu unaweza kukosea. Wanateolojia Wakatoliki walishikilia kinyume chake: mtaguso mkuu haukosei unapoamua jambo la imani. Lakini jibu hilo lilizaa swali jingine. Hati za mitaguso ni ndefu. Zimejaa maelezo, sababu na maagizo ya nidhamu. Je, yote hayo yanamfunga Mkristo kwa uzito mmoja?

Melchor Cano, Mdominika wa Salamanca aliyeshiriki Mtaguso wa Trento, alilichambua swali hilo katika kitabu chake juu ya vyanzo vya teolojia, kilichochapwa mwaka 1563, miaka mitatu baada ya kifo chake. Alitaja vyanzo kumi, kuanzia Maandiko Matakatifu hadi historia, mitaguso ikiwa miongoni mwavyo. Roberto Bellarmino, Mjesuiti, alilieleza jambo hilohilo katika kazi yake kubwa ya kujibu Waprotestanti, iliyoanza kutoka Ingolstadt mwaka 1586.

Kwa Bellarmino, kinachofunga ni uamuzi wenyewe, tena pale tu unapotolewa kama fundisho la imani. Mijadala iliyoutangulia haifungi, wala sababu zilizotolewa kuutetea. Dalili zimo katika maneno: mtaguso unatangaza kwamba unafafanua imani katoliki, au kwamba anayepinga ahesabiwe mzushi, au, mara nyingi zaidi, unatoa laana.

Trento inaonyesha jambo hili vizuri. Hati yake ya tarehe 13 Januari 1547 juu ya kuhesabiwa haki ina sura 16 za mafundisho na kanuni fupi 33. Kila kanuni inataja kosa fulani na kuishia kwa laana, hivyo mpaka unaonekana. Tofauti kabisa ni Mtaguso wa Vienne wa 1311–1312. Ulipokuta wanateolojia wakipingana kama watoto wachanga hupewa neema na fadhila wanapobatizwa, ulikubali rai ya kwamba hupewa, ukiiita yenye uwezekano zaidi. Lugha hiyo inapendelea upande mmoja bila kumfanya wa upande wa pili mzushi.

Kipimo kingine kilikuwa hadhi ya mkutano wenyewe. Mwaka 1415 Mtaguso wa Konstanz ulitamka kwamba hata Papa anapaswa kuutii, na wanateolojia wa Paris wakaushikilia msimamo huo. Bellarmino alijibu kwamba wakati ule Kanisa lilikuwa limegawanyika chini ya watu watatu waliodai upapa, na sehemu moja tu ndiyo iliyokuwa imekusanyika. Wafaransa hawakuridhika: mwaka 1682 makleri wao walithibitisha upya amri za Konstanz.

Mabishano hayo hayapunguzi thamani ya kanuni ya Bellarmino. Anayegeuza kila sentensi ya mtaguso kuwa dogma huwatwika waumini mzigo ambao maaskofu hawakukusudia. Anayezifanya zote kuwa rai huwanyima uhakika ambao mtaguso uliitishwa kuwapa. Kwa hiyo mwanateolojia anapofungua hati ya mtaguso, lazima aulize kwanza ni jambo gani maaskofu wale walitaka kuliamua, na ni lipi waliliacha wazi.