Yule Anywaye Baada Yako



Juzi kijana mmoja hapa Kakamega aliniuliza, "Mchungaji, mbona mto Nzoia ni mkubwa, na bado hauna meli?" Swali jema.

Mto huchukua vyombo pale unaposhuka polepole. Katika kisiwa cha Borneo, nchini Indonesia, uko mto Kapuas, wenye urefu wa kilomita 1,143 hivi. Hupita karibu na Ikweta, kama sisi. Vyombo hupanda kutoka mji wa Pontianak, karibu na pwani, hadi Putussibau, zaidi ya kilomita 800 barani, kwa sababu hata huko nchi haijainuka mita 100 juu ya bahari.

Nzoia wetu sivyo. Huanzia vilima vya Cherang'any, hupokea mito ya Mlima Elgon, huporomoka juu ya mawe pale Webuye, hupita Mumias, na kuingia Ziwa Victoria. Ni meli gani itakayopanda maporomoko?

Lakini ukifika Budalang'i, karibu na ziwa, nchi ni tambarare. Hapo mitumbwi hupita. Hapo pia maji yakipunguza mwendo huutua mzigo wake, yaani udongo. Basi kitanda cha mto huinuka, na mvua kubwa ikija, mto hutafuta njia nyingine. Mwaka 2007, na tena 2020, maji yalibomoa matuta yaliyojengwa kuuzuia, na maelfu ya watu wakahama makwao.

Udongo huo hutoka wapi? Ndugu yangu, hutoka huku juu kwetu. Hata Isiukhu upitao hapa Kakamega hupeleka maji yake Nzoia. Ukilima mpaka ukingoni na kukata miti yote ya kando, mvua huchukua rutuba ya shamba lako na kuitupa Budalang'i. Wewe umepoteza mahindi. Mama wa huko amepoteza nyumba. Naye hakujui hata jina.

Twapenda kuuliza jirani yetu ni nani. Mto hujibu: ni yule anywaye baada yako.

Basi juma hili, shuka ukautazame ukingo wa shamba lako. Acha hatua kadhaa bila jembe. Panda hapo miti, au nyasi za ng'ombe. Ni kazi ndogo, lakini ni upendo unaosafiri mbali.

Bwana atufundishe kumkumbuka jirani tusiyemwona. Amina.