Damu ya Kutengeneza

Sogeeni, wajukuu zangu wa Katandala. Nyinyi mliokulia kwenye baridi hii ya Ufipa mmesikia hadithi za kutisha kabla hamjajua kusoma: radi inayotumwa jua likiwaka, misukule wanaolimishwa mashamba usiku. Leo nawaeleza jinsi mtu anavyoitoa hofu ya namna hiyo mdomoni na kuiweka kwenye filamu, tena bila fedha.

Hapa Tanzania, Mussa Banzi alifanya hivyo mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa filamu za Nsyuka na Shumileta. Lakini ninayetaka mumjue vizuri yuko Uganda. Anaitwa Isaac Nabwana, wa Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato kidogo jijini Kampala. Filamu zake ni za mapigano zaidi kuliko mizimu, ila damu inamwagika haswa.

Nabwana alipokuwa mtoto hakwenda sinema. Kaka zake ndio waliokwenda, wakirudi wanamsimulia kila ngumi na kila aliyeanguka, naye anaitazama filamu nzima kichwani. Kwangu mimi, hiyo ndiyo shule iliyomfaa kuliko zote, kwa sababu aliyelelewa kwa masimulizi anajua msikilizaji atashtuka wapi. Ukubwani alifyatua matofali, kisha akaanzisha Ramon Film Productions, jina alilolitoa kwa bibi zake wawili, Rachael na Monica. Kompyuta aliziunga mwenyewe kwa vipuri, na kuhariri picha akajifundisha.

Mwaka 2010 akatoa Who Killed Captain Alex?, filamu ambayo gharama yake inatajwa kuwa chini ya dola 200 za Marekani. Bunduki zilikuwa mbao na vyuma chakavu. Damu aliijaza kwenye vifuko vyembamba vya mpira, vikafichwa chini ya shati na kufungwa kwa uzi. Mwigizaji "akipigwa risasi" uzi unavutwa, kifuko kinapasuka, shati linalowa. Mwanzoni ilikuwa damu halisi ya ng'ombe, mpaka mwigizaji mmoja akaugua. Wakahamia rangi ya chakula.

Kompyuta ilipojaa, ilibidi aifute filamu ile ili apate nafasi ya kazi nyingine. Iliyotufikia ni nakala ya DVD tu. Fikirini uchungu huo!

Mauzo yalikuwa ya mkono kwa mkono: waigizaji wenyewe walipita nyumba kwa nyumba na DVD, wakiwahi kabla maharamia hawajazirudufu. Juu ya picha unamsikia VJ Emmie, msimuliaji wa filamu, akichombeza na kushangilia. Waulizeni wakubwa wenu habari za Lufufu, msimuliaji wa filamu wa hapa kwetu, sauti yake ilivyotikisa vibanda vya video. Mtaelewa mara moja.

Vipande vya filamu hiyo vilisambaa kwenye intaneti, dunia ikamtafuta. Mwaka 2019 filamu yake Crazy World ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto, Kanada.

Mkitaka kujaribu, simu yenye kamera inatosha kurekodi. Chemsheni sukari na maji mpaka yawe mazito, yapoe, mtie rangi nyekundu ya chakula na kakao kidogo ili isiwe nyekundu ya pipi. Vaeni nguo kuukuu, na mama aambiwe mapema, asije akapita uani akamkuta mwanawe amelala kwenye damu.