Simu Dirishani, Laptopu Mezani

Mhitimu wa kidato cha sita pale Mbinga mjini akitaka kujaza fomu ya mkopo wa elimu ya juu wa HESLB kwenye kompyuta, anaunga bando, anawasha hotspoti, anaandika nywila kwenye laptopu, kazi inaanza. Ikigoma, lawama zote zinaenda kwa kampuni ya simu. Wakati mwingine ni haki yake. Lakini mara nyingi mkosaji ni ukuta, bati au kilima.

Data inasafiri hatua mbili. Kutoka laptopu hadi kwenye simu ni mita chache za Wi-Fi, na hapo shida ni nadra. Kisha simu, kama tarishi, inachukua maombi ya kompyuta na kuyapeleka mnarani kwa jina lake yenyewe. Majibu yakirudi, inakumbuka nani aliomba nini. Ndiyo maana laptopu tatu zinaweza kutumia laini moja, na mnara ukahesabu simu moja tu. Ufundi huu uliingia kwenye simu za Android mwaka 2010. Kabla ya hapo tulihangaika na kebo na programu za Nokia.

Hatua ya pili, ya kwenda mnarani, ndiyo inayotesa watu wa Umatengoni, huku kwenye milima ya Mbinga. Nchi ambayo watu wake walibuni mashimo ya ngoro ili kulima kwenye miteremko si nchi rafiki kwa mawimbi ya redio. Wimbi la megahezi 900 lina urefu wa sentimeta 33 hivi. La megahezi 1,800 ni nusu yake. Lile refu hupinda kidogo likifika kileleni, lile fupi huacha kivuli kizito zaidi nyuma ya mlima. Pale sauti inapopita kwenye lile refu na intaneti kwenye lile fupi, hii ni sababu mojawapo ya mtu wa bondeni kupiga simu vizuri huku intaneti ikizunguka tu.

Ukishuka Mbamba Bay mambo yanageuka. Juu ya maji ya Ziwa Nyasa hakuna kilima, mawimbi yanakwenda mbali. Hata hivyo mnara wa kawaida wa 2G una mpaka wa kilomita 35: aliye mbali zaidi, jibu la simu yake linachelewa na kuingilia zamu ya mwingine, hata kama mnara anauona kwa macho. Na kusini, unapokaribia Msumbiji, simu yaweza kudaka mnara wa ng'ambo. Zima data ya nje ya nchi (roaming), vinginevyo salio litayeyuka.

Sasa fungua mipangilio ya simu, tafuta hali ya laini. Utaona namba hasi, tuseme -110, yaani nguvu ya mawimbi kwa desibeli. Kila desibeli 10 ni tofauti ya mara 10. Ukiisogeza simu kutoka nyuma ya ukuta wa tofali chini ya bati hadi dirishani, ikasoma -90, umepata mawimbi yenye nguvu mara 100, bila kulipa hata shilingi.

Uzuri wa hotspoti uko hapo: simu inakaa penye mtandao, wewe unakaa penye meza. Kebo ya USB inaichaji simu na ni tulivu kuliko Wi-Fi, lakini inaifunga simu mezani, mahali ambapo huenda mawimbi hayafiki. Kwa nyumba nyingi za huku naona dirisha linashinda kebo. Tena mnara ukiwa mbali simu hulazimika kupaza sauti, ndipo inapopata moto na betri kuisha upesi, kwa hiyo isiachwe juani.

Balaa jingine liko ndani ya laptopu. Ikiona Wi-Fi, mara nyingi haijui kwamba ni bando la mtu. Inaanza kupakua masasisho ya Windows kimyakimya, na GB nzima inaweza kukatika kabla fomu haijafika ukurasa wa pili. Ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi, chagua jina la hotspoti yako, weka kwamba muunganisho huo unapimwa (metered connection). Fanya hivyo kabla hujaunga bando lijalo.