Usiku wa Kusikiliza Kwaya

Wengi wetu hapa shuleni tumeimba kwaya, lakini ni wachache waliokwenda kuisikiliza kwa makusudi, yaani kununua tikiti, kuvaa vizuri, na kuketi tangu mwanzo hata mwisho bila ya kazi yo yote ila kusikiliza. Katika likizo fupi ya Pasaka nilimpeleka bibi yangu, mzaa mama, kwenye usiku wa namna hiyo mjini Mbeya. Mambo mengine niliyapanga sawasawa na mengine niliyakosea, basi naona yafaa niwaeleze.

Bibi yangu akaa karibu na Matema, na kwa zaidi ya miaka thelathini aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kijiji. Nilipomwambia kuwa kwaya moja ya Mbeya itaimba ile Haleluya ya Handel, alisema, "Mjukuu wangu, wimbo huo nimeuimba kila Pasaka, lakini sijausikia." Nilicheka, nikidhani ni mzaha. Akanieleza kuwa mwimbaji humsikia jirani yake tu. Wanawake walisimama mbele, besi nyuma kabisa, na marehemu babu alikuwa besi. Nikaacha kucheka.

Jambo la kwanza ni safari, wala si tikiti. Mimi nilianza na tikiti, na nusura tukose nauli ya kurudi, maana fedha zetu zote zilikuwa ni za mpunga aliouza Bibi. Hesabu kwanza nauli ya kwenda na kurudi, kisha mahali pa kulala, kisha chakula, na tikiti mwisho. Kutoka Kyela hata Mbeya ni zaidi ya kilomita 100 za kupanda, kwa njia ya Tukuyu. Onyesho likianza saa kumi na mbili na nusu jioni, usitegemee kurudi usiku ule ule. Sisi tulilala kwa mama mdogo. Tena ondoka asubuhi. Aliye mzee ahitaji kupumzika na kula kabla ya kuketi saa mbili au tatu.

Jambo la pili ni mavazi, na hapo watu wa ziwani twadanganyika sana. Kwetu ni chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, na joto letu mwalijua. Mbeya ni kama mita 1,700, na baridi ya huko haina adabu. Chukua sweta. Tena mwezi wa Aprili Kyela ni mvua na matope, kwa hiyo tulivaa ndala mpaka stendi, na viatu vizuri tukavibeba katika kikapu pamoja na kitambaa cha kufutia. Mimi nilivaa shati jeupe na suruali ya shule, maana sina nyingine iliyo safi kuipita. Bibi alivaa gauni lake la kitenge, na kilemba kirefu sana. Nikamwomba akifunge chini kidogo ili walio nyuma waone.

Msidhani kuwa ombi hilo ni la kwangu peke yangu. Handel, mtunzi aliyezaliwa Halle, Ujerumani, mwaka 1685, aliutunga utenzi wake mkubwa uitwao Messiah mwaka 1741 kwa muda wa siku 24 hivi, na Haleluya ndiyo inayofunga sehemu yake ya pili. Uliimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, na kabla ya siku hiyo mabibi waliombwa wasivae magauni yenye vitanzi vya kuyatanua, na mabwana wasije na panga zao, ili ukumbi uchukue watu wengi zaidi. Waliingia kama 700. Fedha zilikwenda kwa wagonjwa na kwa wafungwa wa madeni. Kwa hiyo kilemba cha Bibi kina historia.

Sasa kusikiliza kwenyewe. Kwaya ina sauti nne: ya kwanza na ya pili ni za wanawake, ya tatu na ya nne ni za wanaume. Ukijaribu kuzisikia zote mara moja, hutasikia hata moja. Chagua moja, uifuate mpaka ikutane na nyingine. Katika Haleluya hupokezana: hawa wakishika neno moja na kulivuta, wale huruka juu yake kwa maneno mengine. Kupiga makofi hungoja mwisho wa wimbo. Kwetu tumezoea vigelegele na kwenda mbele kutunza, wala mimi sioni kuwa ni ushenzi, ila katika nyimbo hizi kuna vituo vya kimya katikati, na kigelegele kikiingia hapo kimya chapotea. Wengi husimama Haleluya ikianza. Husemwa kuwa Mfalme George wa Pili wa Uingereza ndiye aliyeanza kusimama, lakini habari hiyo iliandikwa zaidi ya miaka 30 baadaye, nami siiamini sana.

Kosa langu kubwa lilikuwa hili. Nikiwa nimejaa adabu za kitabuni, nilimwambia Bibi mapema, "Bibi, humo ndani watu hawaimbi." Alijibu, "Haya." Basi Haleluya ilipoanza tukasimama wote, nikamtazama, nikaona midomo yake imefumba lakini koo lacheza. Alikuwa akiifuata sauti ya pili yote bila ya kutoa sauti. Niliona haya. Nikamnong'oneza, "Bibi, imba tu." Akatikisa kichwa, akaweka kidole mdomoni kuninyamazisha mimi.

Usiku ule, tukinywa chai kwa mama mdogo, aliniuliza kwa nini besi walikuwa sita tu katika kwaya kubwa kama ile. Nikasema sikuwahesabu. Yeye alikuwa amewahesabu, tena wa mwisho upande wa kushoto, alisema, alichelewa kuingia mara mbili.