KUPIMA BILA KUGUSA

Mjomba wangu ana kovu mkono wa kulia. Alilipata alipofungua mfereji katika kiwanda kimoja cha maziwa akidhani ni maji yanayopita bombani. Kumbe ilikuwa kostiki soda ya moto, ile kali ya kusafishia mabomba! Jamani, ingefika kwenye pakiti za maziwa ingekuwaje? Likizo iliyopita alipotutembelea hapa Kapsokwony nilimwuliza: mtu atajuaje kilichomo ndani ya bomba la chuma?

Akanijibu, "Mpwa wangu, uulize umeme."

Jibu hilo nililielewa tulipofanya jaribio dogo katika maabara yetu. Tulitumbukiza misumari miwili katika maji ya chumvi, tukaiunganisha na betri na balbu ndogo. Balbu ikawaka. Tulipoweka maji ya sukari, giza! Chumvi ikiyeyuka hutoa ioni, yaani chembe zenye chaji, nazo ndizo zinazobeba umeme. Sukari haitoi ioni.

Uwezo huo huitwa upitishaji umeme, na hupimwa kwa milisiemensi kwa sentimita. Maziwa ya ng'ombe mwenye afya huwa kati ya 4 na 5.5 hivi. Kostiki soda ya asilimia 1 hufika takriban 50, karibu sawa na maji ya bahari. Maji safi ya kusuuzia huwa chini ya 1. Basi namba peke yake inatosha kukwambia kinachopita.

Lakini misumari yetu haikukaa sana kabla ya kujaa mapovu na kutu, na balbu ikafifia. Kiwandani pia elektrodi zinazogusa maziwa hushikwa na ukoko, zikaanza kudanganya. Ndiyo maana wataalamu wakatafuta njia ya kupima bila chuma cha kipimo kugusa kimiminika.

Wazia ngata mbili, kama zile za kubebea mtungi kichwani, zilizotengenezwa kwa nyaya na kufunikwa kwa plastiki ngumu. Kimiminika hupita katika tundu lao. Ngata ya kwanza hupewa umeme unaogeuka mwelekeo mara nyingi kwa sekunde. Sumaku yake huamsha mkondo ndani ya kimiminika chenyewe, na mkondo huo nao huamsha umeme katika ngata ya pili. Kimiminika kikipitisha umeme vizuri, ngata ya pili hupata umeme mwingi. Kanuni hii aliigundua Michael Faraday mwaka 1831.

Hata hivyo, kila chombo kina mipaka yake. Joto likipanda digrii moja, upitishaji huongezeka kwa asilimia 2 hivi, kwa hiyo lazima joto nalo lipimwe. Tena, kwa maji yaliyo safi mno mkondo huwa hafifu sana, na hapo elektrodi bado hufaa zaidi.

Kiwandani kwa Mjomba kihisi cha aina hiyo kiliwekwa baadaye. Siku hizi vali ya maziwa haifunguliwi mpaka namba ishuke hadi ile ya maji. Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kovu la Mjomba halitafutika, lakini kijana aliyeshika zamu yake anarudi nyumbani na mikono mizima.