Nywila Imara Isiyosahaulika: Sehemu ya Kutunza Siri ya Mgonjwa

Miaka michache iliyopita niliombwa kutoa maoni ya kitabibu kuhusu mgonjwa aliyepewa dawa ya kifafa kwa kipimo kilichozidi maradufu. Mgonjwa alipata nafuu bila madhara ya kudumu. Swali lililobaki gumu lilikuwa moja: ni nani aliyeandika agizo lile? Kumbukumbu za kompyuta zilionyesha jina la muuguzi ambaye usiku ule alikuwa amelala nyumbani kwake. Nywila yake ilikuwa imebandikwa ubavuni mwa kompyuta ya wodi, na kila aliyekuwa zamu aliitumia. Zilipita wiki tatu kabla ya muuguzi huyo kuondolewa lawama. Aliyeandika agizo hakujulikana kamwe.

Nywila, ambayo wengi huiita neno la siri, ina kazi mbili katika kituo cha afya. Kwanza ni kufuli la taarifa za mgonjwa. Pili ni sahihi ya mtumishi, kwa kuwa kila agizo, kipimo na jibu la maabara hubeba jina la aliyeingia katika mfumo. Nilipomuuliza muuguzi yule kwa nini aliibandika, alinijibu: “Daktari, kila baada ya miezi mitatu mashine inanidai mpya yenye herufi kubwa, tarakimu na alama. Kichwa changu hakiwezi kuyabeba hayo yote.” Mimi ni tabibu wa magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu, na nakiri kuwa alisema kweli. Makala hii inaeleza namna ya kutunga nywila ambayo mdukuzi ataishindwa na ambayo kichwa cha mwenyewe kitaimudu.

Kasoro ya kanuni za zamani

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo ulioigwa na taasisi nyingi duniani. Zikazoea kudai mchanganyiko wa herufi kubwa na ndogo, tarakimu na alama, pamoja na kubadilisha nywila mara kwa mara. Mwaka 2017 mwandishi wa mwongozo huo, Bill Burr, alikiri hadharani kuwa anajutia sehemu kubwa ya ushauri ule. Mwaka huohuo NIST ilitoa mwongozo mpya: urefu upewe uzito kuliko mchanganyiko, na nywila ibadilishwe pale tu panapokuwa na dalili kwamba imevuja.

Sababu ni tabia yetu wanadamu. Tukilazimishwa kuweka alama, hugeuza a kuwa @ na o kuwa 0. Tukilazimishwa kubadilisha, huongeza 1 mwishoni, kisha 2. Wadukuzi wanazijua hila hizi na programu zao huzijaribu mapema. Mwaka 2018 waliiba taarifa za wagonjwa milioni 1.5 wa mtandao wa hospitali wa SingHealth nchini Singapore, pamoja na kumbukumbu za dawa za wagonjwa wapatao 160,000, akiwamo Waziri Mkuu Lee Hsien Loong. Miongoni mwa udhaifu uliobainiwa na kamati ya uchunguzi ni akaunti ya usimamizi iliyolindwa kwa nywila P@ssw0rd. Msomaji aihesabu: ina herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama, na jumla yake ni nane. Ilitimiza kila sharti, na bado ilikuwa dhaifu.

Kumbukumbu ya binadamu inavyoshika mambo

Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller alieleza kuwa kumbukumbu ya muda mfupi hushika vitu kama saba kwa wakati mmoja. Watafiti waliomfuata wanaona kuwa idadi hiyo ni ndogo zaidi, karibu vinne. Jambo la msingi ni kwamba kitu kimoja chaweza kuwa herufi moja au neno zima. Herufi nane zisizo na maana ni mizigo minane, ilhali maneno matano ya kawaida ni mizigo mitano tu, hata kama yana herufi thelathini. Tena, ubongo hushika picha ya ajabu kwa urahisi kuliko alama tupu. Kwa hiyo nywila ndefu ya maneno humfaa mwenye kuikumbuka, na humwelemea mwenye kuikisia.

Namna ya kutunga

Nguvu ya nywila hupimwa kwa idadi ya makisio yanayohitajika kuipata. Tarehe zote za miaka 100 ni takriban 36,500. Kwa hiyo tarehe ya kuzaliwa si siri. Mdukuzi aliyeiba faili la nywila anaweza kujaribu mabilioni ya makisio kwa sekunde. Mwaka 1995 Arnold Reinhold alibuni njia iitwayo Diceware. Mtu hurusha dadu mara tano ili kupata neno moja kutoka orodha ya maneno 7,776. Maneno mawili huleta michanganyiko zaidi ya milioni 60, na maneno matano huleta michanganyiko zaidi ya 28 ikifuatiwa na sufuri 18.

Asiye na orodha hiyo achukue kamusi nene. Afumbe macho, afungue ukurasa wowote, aweke kidole, na aandike neno aliloligusa. Arudie hadi apate maneno matano. Tuseme yametokea kiazi, mnara, sindano, ukungu na bata. Sasa ayajengee picha kwa mfuatano huo: kiazi kimekaa juu ya mnara, kimechomwa sindano, ukungu unakishukia, na chini yake bata anasubiri. Kadiri picha inavyochekesha ndivyo inavyokaa kichwani. Mfano huu sasa umechapishwa, kwa hiyo usitumiwe na yeyote.

Maneno yachaguliwe na bahati, si na mtumiaji. Methali, aya za vitabu vitakatifu, mistari ya nyimbo na majina ya watoto hukisiwa kwa wepesi hata yakiwa marefu. Mfumo ukidai herufi kubwa na tarakimu, ziongezwe bila kuvunja picha.

Baada ya kutunga, mwenye nywila ajaribu kuikumbuka bila kuangalia: baada ya saa moja, kesho yake, baada ya siku tatu, na baada ya wiki. Kujikumbusha kwa vipindi hukita jambo kichwani kuliko kulisoma mara ishirini kwa mkupuo. Karatasi ya muda ikae mahali pa siri, kisha ichanwe.

Kuitunza

Nywila moja isitumike katika akaunti mbili, kwa kuwa ikivuja kwenye moja, nyingine pia huwa wazi. Hakuna awezaye kukariri nywila arobaini. Inatosha kukariri ile ya barua pepe, ile ya mfumo wa kazini, na ile ya programu ya kutunza nywila. Programu hiyo itabuni na kuhifadhi zilizobaki. Barua pepe ipewe ulinzi wa kwanza, maana akaunti nyingi hurejeshwa kupitia kwake.

Panapowezekana, uwekwe pia uthibitishaji wa hatua mbili. Februari 2024 wadukuzi waliingia katika mifumo ya Change Healthcare, kampuni inayochakata madai ya bima ya afya nchini Marekani, kwa kutumia nywila iliyoibwa, kupitia mlango usio na hatua ya pili. Taarifa za watu zaidi ya milioni 100 ziliathirika. Hata nywila imara ikishaibwa huhitaji msaidizi.

Kwa mgonjwa: simu yako ina majibu ya vipimo, tarehe za kliniki na fedha zako. Usimtajie mtu yeyote nywila, namba ya siri wala namba ya uthibitisho iliyotumwa kwa ujumbe mfupi, hata akijitambulisha kuwa mtumishi wa hospitali au wa kampuni ya simu. Mzee ambaye kumbukumbu yake imedhoofika aandike nywila katika daftari lililofungiwa nyumbani; hiyo ni salama kuliko kutumia 123456.

Kwa mtumishi wa afya: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, kama ilivyo katika sheria ya Kenya ya mwaka 2019. Wakuu wa vituo nao wana wajibu wa kumpa kila mtumishi akaunti yake, na kuacha kudai mabadiliko ya kila miezi mitatu yanayozaa karatasi za kubandika. Muuguzi yule sasa ana maneno matano kichwani mwake. Kompyuta ya wodi ile haina tena karatasi ubavuni.